KUH: Ukurasa wa wizadi mliotuuzia, na jinsi fundi wenu alivyotudharau

Kwa Meneja,

Salamu kwa heshima. Nimengoja siku nne hasira zipoe ndipo niandike, na bado hazijapoa.

Mkataba mnaujua. Ukurasa mmoja tu ndani ya wizadi, yaani programu inayoongoza usakinishaji wa Windows hatua kwa hatua: mwalimu achague shule na chumba, jina la kompyuta lijitunge, usakinishaji uendelee. Kazi ya wiki mbili imekula miezi mitatu.

Jumamosi tulivusha kompyuta 24 kwa boti kutoka Mokowe, punda wakazibeba hadi Mkomani. Walimu 12 walikuwa wamekaa wanangoja. Nikachomeka flashi, wizadi ikafunguka, ukurasa wenu haumo. Nikampigia fundi wenu, simu nikaiweka spika ili wote wasikie maelekezo. Akacheka. Akasema, "Hapo kisiwani kuna mtu anayejua kompyuta kweli?" Akakata.

Kosa lilikuwa lenu. DLL mliyoleta, yaani faili la programu lenye ukurasa huo, ni ya biti 32, na Windows PE ya biti 64, ile Windows ndogo tunayowashia kompyuta wakati wa kusakinisha, haiendeshi kitu cha biti 32 hata kidogo. Nilishawaandikia kabla hamjaanza kazi kwamba sisi tunawasha kwa 64. Ujumbe ninao, na jibu lenu la "sawa" ninalo.

Na si mara ya kwanza. Toleo la kabla ya hilo lilipokea jina KIZINGITINI-MAABARA-01. Hesabuni: herufi 22, wakati jina la NetBIOS, yaani jina fupi la kompyuta kwenye mtandao, halizidi 15. Kitufe cha kuendelea kilitakiwa kizime pale pale. Mimi ndiye niliyeligundua, usiku wa manane, si ninyi mliolipwa.

Yote hayo ningevumilia. Lakini alicheka, Meneja. Alicheka mbele ya watu waliochanga pesa hizo kutoka mifukoni mwao. Chumba kizima kikanyamaza, pangaboi tu ndiyo inayosikika. Mwalimu mmoja, mtu mzima aliyenifundisha mimi hesabu, akainuka polepole, akavaa viatu vyake mlangoni, akaondoka bila kuaga. "Kuna mtu anayejua kompyuta kweli?" Mimi nilikuwa nimeishika simu hiyo mkononi, na sikuwa na la kumwambia mwalimu wangu.

Nilikusudia kuomba DLL ya biti 64 tu, na ukomo wa herufi 15. Sasa nataka na msimbo wake wote, tuujenge wenyewe tusiwahitaji tena. Nataka pia nusu ya malipo irudi. La, nimefikiri: irudi yote, shilingi 85,000, pamoja na nauli ya boti na ujira wa punda. Na fundi huyo awaombe radhi walimu kwa maandishi, nitaisoma barua hiyo mbele yao.

Nawapa siku 7. Zikipita, nafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai hadi shilingi 1,000,000. Walimu wote 12 wako tayari kutoa ushahidi, na yule aliyeondoka amesema atakuwa wa kwanza.

Fundi wa kompyuta,
Mkomani, Lamu