Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Haki za Sisi Tunaorushiana Nyimbo

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wasikilizaji wa nyimbo hapa Moshi, wazee wetu mlioshuka kutoka Kibosho na Uru asubuhi na mapema, kina mama wa Mbuyuni, vijana wa stendi, na wasanii mlioitikia mwaliko wetu, karibuni.

Hesabu atazisoma mweka hazina na kila mmoja wenu ana nakala yake, kwa hiyo sitazigusa. Niseme tu kwamba deni la ukumbi limekwisha, na ninawashukuru mliolipa ada bila kukumbushwa. Usajili wa chama bado tunaufuatilia. Muda wangu wote nauomba kwa ajili ya mambo yaliyotupata mwaka huu.

Nianze na simu tisa. Mnakumbuka asubuhi ile watu wa ukaguzi wa hakimiliki walipofika kwenye kibanda cha kuingizia nyimbo karibu na stendi. Walichukua kompyuta, wakachukua flashi, wakazoa na simu za wateja zilizoachwa pale zikisubiri zamu. Mojawapo ilikuwa ya mwenzetu anayeuza ndizi Mbuyuni. Ndani yake mlikuwa na namba za wateja wake wote na fedha za mtaji, na alichokuwa ameomba ni kuwekewa nyimbo za kwaya. Wiki tatu alikwenda na kurudi, akiambiwa kila mara kuwa simu ni kielelezo. Kielelezo cha kosa la nani? Yeye hakuuza wimbo hata mmoja, na hakuna aliyemfungulia shtaka.

Barua yetu ya kwanza kwa ofisi yao haikujibiwa. Ya pili tuliipeleka kwa mkono, mimi na katibu, tukaambatanisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 na kupiga mstari kwa kalamu nyekundu kwenye kifungu cha 12, kinachomruhusu mtu kunakili kazi iliyokwisha kutolewa kihalali kwa matumizi yake mwenyewe. Ofisa aliyetupokea aliisoma polepole mpaka mwisho, akatuuliza tumeipata wapi. Siku nne baadaye simu zote tisa zilirudi. Ya mwenzetu ilirudi na kioo kilichopasuka, na chama kililipa fundi. Matumizi hayo mtayaona kwenye hesabu, na nawaomba myapitishe.

Lakini kifungu hicho kina mpaka wake, na ni wajibu wangu kuwaambia. Kinamlinda mtu na nakala yake. Hakimlindi anayejaza memori kadi za watu kwa malipo, na sioni kitakavyomlinda anayerusha albamu nzima kwenye kundi la watu mia mbili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 24, haimwachi huru hata asiyefanya biashara. Adhabu yake ni nyepesi kuliko ya mfanyabiashara, ila ipo. Wenzetu waliotoka chamani katikati ya mwaka walitaka tutangaze kwamba kupakua chochote ni haki ya kila mtu. Nilikataa wakati ule na leo nakataa tena mbele yenu. Siwezi kumwambia kijana wa Pasua apakue tu, kisha siku ya kuitwa mahakamani asimame peke yake.

Nasema hivyo kwa sababu nimefuatilia yaliyowakuta wasikilizaji wa Marekani. Huko Napster ilianza mwaka 1999, watu wakabadilishana nyimbo kompyuta kwa kompyuta, na Julai 2001 kesi za kampuni za muziki zikawa zimeifunga. Haikuishia hapo. Tarehe 8 Septemba 2003 umoja wa kampuni za kurekodi, RIAA, ulifungua kesi dhidi ya wasikilizaji 261 kwa mpigo. Mmoja wao alikuwa binti wa miaka 12 wa New York. Mama yake alikubali kulipa dola 2,000 ili yaishe. Sheria ya kule inaruhusu fidia ya hadi dola 150,000 kwa kila wimbo ikionekana mtu alifanya kwa makusudi. Mzazi gani atakwenda kubishana mbele ya hakimu akilijua hilo? Maelfu walilipa, kila familia na barua yake mezani, bila kujua kwamba jirani amepata barua kama hiyo. Hali iliendelea hivyo hadi mwishoni mwa 2008, kampuni zilipotangaza kwamba zinaachana na njia hiyo ya kuwashtaki watu kwa wingi.

Walichopata wasikilizaji wale, walikipata pale tu mtu alipokuwa na wa kusimama naye. Kampuni ya mawasiliano ya Verizon ilikataa kutoa jina la mteja wake kwa hati iliyotolewa bila kesi kufunguliwa, na watetezi wa haki za watumiaji, Electronic Frontier Foundation wakiwa miongoni mwao, wakaiunga mkono. Desemba 2003 mahakama ya rufaa mjini Washington iliwakubalia. Tangu hapo aliyetaka jina la msikilizaji alilazimika kufungua kesi kwanza.

Jambo hilo linatuhusu sana. Laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo anayetaka kujua nani kapakua nini hana kazi kubwa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tunayo Tume yake. Kamati imekwisha andaa barua kwa kampuni za simu yenye swali moja tu: jina la mteja mnalitoa kwa amri ya nani? Nitawaomba muipigie kura leo.

Sasa niseme juu ya kikao chetu na wasanii wa Moshi na Arusha, kwa sababu ndicho kilichonibadilisha. Nilikwenda nikidhani tutatukanwa. Binti mmoja anayerap alisimama akasema wimbo wake ulipigwa kwenye kila bajaji ya mji huu Desemba nzima, wakati watu wetu wanaporudi nyumbani kutoka Dar na kurushiana nyimbo uani huku mbege ikizunguka, na yeye Januari alikopa nauli. Ukumbi ulinyamaza. Mimi mwenyewe wimbo huo ninao. Nilirushiwa na mpwa wangu.

Tulizungumza mpaka giza likaingia, na hapo ndipo tulipofika kwenye tozo. Wengi wenu hamjui kwamba Sheria ya Fedha imeweka tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kurekodia na kunakilia kazi za sanaa. Msingi wake haukuanzia kwetu. Ujerumani Magharibi iliweka malipo ya namna hii mwaka 1965, pale mashine za kurekodia zilipoingia majumbani. Walikubali kwamba watu watanakili na hakuna wa kuwazuia, basi mwenye kazi afidiwe kupitia kifaa. Mimi naiunga mkono. Ila mzigo wa tozo haubaki bandarini. Unashuka nasi mpaka dukani, na anayelipa ni mteja. Kama nimelipa kwa sababu inajulikana nitanakili, nastahili kutazamwa kama mteja aliyelipa. Na yule binti anastahili kujua fedha niliyolipa imemfikia kwa hesabu gani. Kwa mara ya kwanza wasikilizaji na wasanii wa hapa wamekubaliana kuandika barua moja kwa Ofisi ya Hakimiliki, kuomba hesabu ya mgawanyo iwekwe wazi. Barua hiyo ninaithamini kuliko kitu kingine chochote tulichofanya mwaka huu.

Kuhusu miito ya simu, zile nyimbo anazosikia anayekupigia, malalamiko yalikuwa yale yale: mtu anakatwa salio kila wiki kwa wimbo ambao hakuuomba. Mzee wetu mmoja wa Uru alikatwa miezi saba, akidhani ni bei ya kupiga simu. Tulimwandikia malalamiko kwa kampuni yake, na tulipoongeza kwamba hatua inayofuata ni mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ofisi ya Kanda ya Kaskazini, Arusha, fedha zilirudi. Hazikurudi zote.

Tulikoshindwa ni kwa mwanachama aliyenunua nyimbo kwenye programu ya simu, akabadilisha simu, na nyimbo zikapotea. Alijibiwa kwamba hakununua nyimbo, alinunua ruhusa ya kuzisikiliza. Huenda masharti yanasema hivyo, lakini yako kwa Kiingereza, kurasa kadhaa, na kitufe kimeandikwa kwamba unanunua. Tumepeleka suala hilo Tume ya Ushindani na tunasubiri. Ombi letu ni dogo: kabla ya kulipa, mteja aambiwe kwa Kiswahili anapata nini na kwa muda gani.

Kuna mjumbe aliyeniuliza kwa nini tuhangaike na chama kwa ajili ya nyimbo. Babu yangu alipeleka kahawa KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanzishwa mwaka 1933, na alikuwa akisema mkulima mwenye gunia moja mbele ya mnunuzi hana bei. Sisi tuna salio la shilingi mia tano, na aliye mbele yetu ana mawakili. Sioni tofauti.

Mwaka ujao kamati inapendekeza mambo mawili tu: kuifuatilia barua ya tozo mpaka ijibiwe, na kuwa na mtu wa kupokea malalamiko kila Jumamosi pale Mbuyuni. Kijana aliyemaliza sheria amejitolea kuanza nasi bila malipo, na nitamwomba asimame mumwone.

Fomu za malalamiko ziko kwa katibu, mezani karibu na mlango. Andikeni jina la huduma, tarehe na kiasi mlichokatwa. Meseji msizifute. Asiyeweza kuandika amfuate kijana wetu, atamwandikia hapa hapa kabla hatujatawanyika.