Barua kwa mwanangu: Bentham, Kant na mahindi ya Busia

Busia, Uganda

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Huku hatujambo. Bibi yako magoti yanamsumbua kwa hizi mvua, ila mdomo ni mzima, jana kagombana na mwenye bodaboda mpaka kapunguziwa nauli. Mahindi yameanza kuingia kutoka Bugiri na Namayingo, kwa hiyo mchana sina nafasi hata ya kula.

Karatasi ulizonipigia picha nimezisoma zote. Unasema mwalimu wenu amewapa nadharia tatu za maadili, ya Bentham, ya Kant na ya Aristotle, kwenye mtihani mtachagua moja muitetee, na wewe unaona yote ni maneno ya wazee wa Ulaya waliokufa zamani, hayamhusu mtu anayegombania taksi pale Wandegeya, Kampala. Kufa walikufa. Huyo Jeremy Bentham alikufa 1832 akaacha wosia asizikwe, na hadi leo mifupa yake imevishwa nguo zake na kukalishwa ndani ya kioo pale University College London. Mambo ya maiti kukaa bila kaburi mimi siyawezi. Lakini kwamba fikra zake hazifiki Busia, hapo nakubishia. Nazisikia stoo kila siku, na wanaozisema hata jina lake hawalijui.

Kuna dalali mmoja hapa mpakani, humjui. Huyu hununua kwa bei ya kutupa mahindi yaliyonyeshewa yakaota ukungu, akayachanganya na mazuri. Kazi yake ni safi, kwa maana ya ufundi. Anajua mnunuzi akija na bambo, kile chuma cha kuchotea punje, atalichoma gunia pembeni, basi mabaya anayajaza katikati na mazuri anayazungushia nje. Gunia likishashonwa, hata mimi niliyezeeka katika nafaka siwezi kujua. Unakumbuka nilivyokufundisha kutia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi, ukatikisa, chumvi ikinata kwenye chupa ujue mahindi bado mabichi? Hiyo inakwambia unyevu tu. Sumukuvu yenyewe, ile sumu inayoletwa na ukungu, haina rangi wala harufu, na ukisonga ugali haitoki kwa moto wa jikoni. Inaharibu ini polepole, na ikiwa nyingi haingoji. Mwaka 2004 upande wa Makueni na Kitui, Kenya, waliougua walikuwa 317, na 125 kati yao wakafa.

Nilipomuuliza dalali kwa nini anafanya hivyo, alinijibu bila kuona haya: “Mama, piga hesabu mwenyewe. Gunia moja bovu katika kumi, nani ataumwa? Mkulima kapata ada ya watoto, mpakiaji kapata, dereva kapata, mimi nimepata. Ningeyakataa, mkulima angelala njaa. Sasa ubaya uko wapi?”

Huyo ni Bentham kavaa kofia ya dalali. Kitabu cha Bentham cha 1789 kinasema binadamu tumewekwa chini ya mabwana wawili, maumivu na raha, na kwamba tendo tulipime kwa kile linachozaa: limeongeza raha kiasi gani, limeleta maumivu kiasi gani, kwa wote linaowagusa. Usiidharau hesabu hii. Ndiyo inayofanya serikali ichanje watoto wote ingawa wachache watapata homa, na ndiyo inayonifanya nikubali lori lichelewe siku nzima ili mahindi yapimwe. Shida ya dalali ni kwamba hesabu yake kaikata mlangoni mwa stoo. Aliowahesabu ni wale anaowaona. Mtoto wa Kariobangi, kule Nairobi, atakayekunywa uji wa unga ule kila asubuhi hakumwandika popote. John Stuart Mill, aliyeiendeleza kazi ya Bentham, anamnukuu akisema kila mtu ahesabiwe kuwa mmoja na asiwepo wa kuhesabiwa zaidi ya mmoja. Ukimweka yule mtoto kwenye daftari, halafu wenzake, halafu miaka ya ini lake, faida ya dalali inakwisha.

Sikiliza sasa kilichotokea baadaye, maana ndicho kilichonifanya nikuandikie badala ya kukujibu kwa simu.

Dalali huyuhuyu alikuwa akimtumia mkulima pesa kwa simu, akakosea tarakimu moja, pesa ikaangukia kwa mama mmoja asiyemjua, upande wa Tororo. Mama wa watu akaitoa palepale. Alipopigiwa akasema ana mtoto kalazwa, pesa imeshalipa dawa, atarudisha kidogo kidogo. Ungemsikia dalali! “Mali ya mtu ni mali ya mtu! Hata kama mtoto yuko mahututi, hailiwi! Kila mtu akila pesa iliyokosewa, nani atatuma tena?” Stoo nzima tulinyamaza. Kwa hesabu yake ya jana, ile pesa ilikuwa imefanya kazi nzuri hospitali kuliko ambayo ingefanya mfukoni mwake. Lakini siku ile hesabu hakuitaka. Alitaka kanuni, na kanuni isiyo na huruma.

Ndiyo maana nasema kabla hujachagua ya kuitetea, watazame watu kwanza. Wengi hawachagui nadharia wakaifuata. Wanajua wanachokitaka, kisha wanaazima nadharia ya kuwasindikiza. Akiwa yeye ndiye anayefaidi, utasikia “angalia matokeo”. Akiwa yeye ndiye aliyeumizwa, “haki ni haki”. Kwa hiyo nadharia ikikujia mdomoni upesi, na papo hapo ikakuachia kitu mfukoni, isimamishe kwanza. Ijaribu ile nyingine, ile inayokukera.

Dalali, siku aliyopoteza pesa, alisema maneno ambayo Immanuel Kant angeyapokea kwa mikono miwili. Kant alizaliwa 1724 Königsberg na akafia hukohuko 1804. Katika kitabu chake cha 1785 anatoa mfano wa mtu mwenye shida anayekopa na kuahidi atalipa, huku moyoni anajua hatalipa. Kant anamuuliza: ungependa hiyo iwe sheria ya watu wote? Ikiwa kila mwenye shida ataahidi uongo, ahadi itakufa, na hakuna atakayekukopesha hata wewe. Kanuni yako inajila yenyewe. Sasa rudi kwenye lile gunia. Ujanja wa kuchanganya unafanya kazi kwa sababu tu wanunuzi wanaamini kwamba mahindi ya Uganda ni mazuri. Dalali anaishi kwa kula uaminifu ambao wengine wanaulima.

Na tuliona ulivyokwisha. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama, bei ikaanguka, wa halali na wa haramu wakalia pamoja. Baada ya siku chache zuio likaondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Lakini hapa uwe mwangalifu kwenye mtihani. Ukiandika kwamba Kant anakataza kuchanganya kwa sababu soko litafungwa, umerudi kwa Bentham bila kujua. Kant angekataza hata kama Kenya isingegundua milele. Kwake yeye anayekula ule unga amegeuzwa chombo cha kumtajirisha mtu mwingine, hakuulizwa, na angeulizwa asingekubali. Hilo peke yake linatosha. Tena anasema hakuna kilicho chema bila sharti isipokuwa nia njema. Sisi tuliofundishwa tangu madrasa kwamba matendo ni kwa nia, hapo hatushtuki.

Mimi kwa tabia ni mtu wa Kant. Nikikudai nakudai, waulize ndugu zako. Lakini kuna mahali namwacha aende peke yake. Mwaka 1797 aliandika kwamba hata muuaji akija mlangoni kukuuliza kama rafiki yako amejificha ndani, huna haki ya kumdanganya. Mwanangu, katika nchi hii wapo watu wazima walio hai leo kwa sababu miaka ya Amin mtu fulani alisimama mlangoni akawaambia askari, “Huyo simjui.” Siwezi kumwita mtu yule mkosaji, na falsafa inayonitaka nimwite hivyo imekosea hesabu yake mahali, hata kama sijui kuionyesha kwenye ubao. Muulize mwalimu wako atajibuje.

Aristotle nilimwogopa kwa sababu ya umri wake, alizaliwa 384 kabla ya Kristo, lakini kumbe ndiye anayeongea kama watu wa nyumbani. Yeye haanzi na tendo, anaanza na mtu: unakuwa mtu wa namna gani? Na anasema tabia njema haiji kwa kusoma. Unakuwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu, tena na tena, mpaka mkono unazoea. Kila wema kwake uko katikati ya maovu mawili. Ujasiri uko kati ya uoga na kujitosa hovyo, ukarimu kati ya ubahili na ubadhirifu. Ukitaka kumwelewa nenda mkutano wowote wa harusi hapa Uganda. Kadi ya ahadi inapita, mwenyekiti anashangilia, na mtu ambaye kodi ya nyumba hajalipa anasimama kuahidi ng'ombe. Watu wanapiga makofi. Tunamwita mkarimu. Aristotle angesema ukarimu ni kumpa anayestahili, kwa kiasi kinachofaa, kwa wakati wake, na kutoka kwenye ulichonacho, na yule anatoa cha watoto wake ili asifiwe. Kiasi gani basi ni cha katikati? Hapo hakupi jibu, anasema mwenye busara ataliona. Wanafunzi wanalalamika kwamba hiyo ni kukwepa swali. Mimi naona ni ukweli, kwa sababu kiasi changu na cha mwenye hoteli haviwezi kuwa kimoja.

Jambo moja nimeona limekosekana kwenye karatasi zako, nalo liko hapohapo chuoni kwenu. John Mbiti, Mkenya wa kwa Wakamba, alifundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974, na mwaka 1969 akaandika kwamba Mwafrika husema: niko kwa sababu tuko, na kwa kuwa tuko, basi niko. Mtu ni watu. Humo mna maadili kamili: wema unapimwa kwa unavyojenga au kubomoa uhusiano. Naipenda hii kuliko zote. Lakini nayo huazimwa kama zile nyingine. Mjomba wako akitaka kijana wake aajiriwe stoo bila kujua kusoma mizani, utu unatajwa mpaka masikio yanauma. Nikihitaji mtu wa kunilindia mzigo usiku, utu haupokei simu. Ukisikia “sisi ni ndugu”, tazama nani anaombwa atoe, na kama kuna siku mambo huwa kinyume.

Sasa hilo la mwenzako wa chumba. Unasema anafanya kazi supamaketi asubuhi, anakosa kipindi cha saa mbili, na anataka umsainie mahudhurio. Ukaongeza kwamba hakuna anayeumia. Unaijua hiyo ni lugha ya nani. Orodha ile ina maana kwa sababu mwalimu anaamini kila sahihi ni ya mwenyewe, kwa hiyo Kant keshajibu. Aristotle angekuuliza sahihi ya kesho kutwa itakuwa nyepesi kiasi gani kuliko ya leo. Usimsainie.

Lakini usiishie hapo ukalala usingizi wa watu wema. Mmarekani Carol Gilligan, kwenye kitabu chake cha 1982, anasimulia watoto wawili wa miaka 11 walioulizwa: mke wa mtu anakufa, dawa ni ghali, mfamasia kakataa kupunguza bei, mume aibe? Mvulana alijibu haraka, aibe, uhai unazidi pesa. Msichana, anamwita Amy, alisema asiibe wala mke asife, wakae na mfamasia wazungumze, watafute mkopo. Kwa kipimo cha wataalamu wa wakati ule msichana alionekana yuko nyuma. Gilligan akasema kipimo ndicho chenye kasoro: huyu mtoto ameona watu na jinsi wanavyotegemeana, mwenzake ameona hesabu tu. Mimi nimelelewa sokoni, jibu la Amy ndilo ningelitoa.

Basi mpe maandishi yako ya vipindi alivyokosa, kisha mwende pamoja kwa mwalimu Jumatatu, mwombe ahamishiwe kundi la jioni. Asiseme anaumwa. Aseme anafanya kazi, na kwamba bila kazi hiyo hana ada. Walimu wenu nao wengine walisoma wakiuza karanga.

Mama yako