Salamu za Idi el-Fitri, na Neno Kuhusu Daftari

Asalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu, jamaa na marafiki, mlio hapa Tanga na mlio mbali, nawapa mkono wa Idi. Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na visimamo vyetu, awaponye wagonjwa wetu na awarehemu waliotutangulia.

Hii ni Idi yetu ya kwanza bila marehemu baba. Baada ya swala tulipita makaburini, kisha tukarudi nyumbani kwenye tambi na kaimati, na kiti chake cha uani kikabaki kitupu mchana kutwa kwa sababu hakuna aliyethubutu kukikalia. Mwaka umekuwa mzito hata kwa wasiofiwa. Mchele, sukari na mafuta ya kula vimepanda, na wapo majirani waliofuturu mwezi mzima kwa muhogo na chai ya rangi.

Tulipogawana vitu vyake, kaka zangu walichukua kanzu na redio, nami nikaomba makaunta buku yake ya dukani. Wengi mnalijua lile duka, na mnajua jinsi mzee alivyopenda kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Nilidhani nitakuta mauzo na madeni tu. Kumbe pembeni mwa hesabu, kwa kalamu ileile ya bluu, alikuwa akiandika siku zake, mstari mmoja au miwili. Idi ya 2018 ameandika hivi: "Mchele 1,800. Watoto wote wamekula nyumbani. Mvua." Sijapata kusoma maelezo ya furaha yaliyonitosheleza kama hayo.

Mstari wa mwisho aliuandika siku nne kabla ya kufariki: "Binti amepiga simu. Sikumwambia habari ya kifua." Nililia juu ya ukurasa ule, kisha nikachukua kalamu nikamjibu chini yake. Nilichomwambia kitabaki kati yangu naye.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeanza shajara mara tatu, kila mara kwa daftari jipya la kupendeza, na kila mara nikaacha kabla ya wiki ya pili. Sasa naijua sababu. Nilikuwa nikitafuta maneno mazuri ya kumpendeza msomaji nisiyemjua, na siku isiyokuwa na jambo kubwa niliiona haistahili wino. Baba hakuwa na shida hiyo, kwa kuwa aliandika ili siku isimtoroke kama deni lisiloandikwa. Tangu mwezi wa Shaaban nimeandika kila usiku, na hamu ninayo, kwa sababu najua kuna mtu nitakayemwachia.

Ndugu zangu, kila mmoja ajitafutie sababu yake mwenyewe ya kuandika, kwani sababu ya kuazima haifiki mwezi. Mwenye kufiwa aandike asije akaisahau sauti ya mtu wake. Mwenye kulea aandike siku mtoto aliposimama dede. Mwenye dhiki aandike bei na alivyopita, ili kesho akifunguka amshukuru Mola kwa ushahidi. Je, si katika Kitabu chetu Mola ameapa kwa kalamu na wayaandikayo? Na aya iliyo ndefu kuliko zote, katika Suratul Baqara, si ndiyo inayotuamrisha kuandika deni? Ikiwa deni la shilingi limepewa uzito huo, umri tuliokopeshwa tutauachaje bila hata mstari? Hapa kwetu Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, alimwandikia barua ndugu yake Yusuf Ulenge tangu 1931 hadi 1958, na kwa kuwa zilitunzwa, leo tunamsikia akizungumza kama ndugu, si kama mshairi peke yake. Tuwafundishe watoto jambo hili mapema, na tusiyatupe madaftari ya wazee wetu kwa kuyaona makuukuu.

Jana usiku, takbira zikisikika msikitini, niliandika katika kurasa alizoziacha: "Mwezi umeandama. Mchele 3,200. Mama amepika kaimati kwa kipimo kilekile cha zamani, zimebaki."

Idi njema kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo. Mola atufikishe mwakani tukiwa na afya na iman. Minal aidina wal faizina.