Tuanze na tope na maji ya bwawa kabla ya kukimbilia dawa

Mhariri, salaam nyingi kutoka Moshi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hii ishu ya dawa kwenye mabwawa imeanza kunisumbua kichwa, na naona ikiachwa hivi hivi tutakuja kulia.

Huku kwetu kuanzia Kahe na Mabogini mpaka juu Kibosho watu wamechimba mabwawa ya sato na kambale kwelikweli, na saivi limeingia jambo jipya la kambamiti. Kuna vijana wanataka kujaribu yule kambamiti mkubwa wa maji baridi, wengine wana ndugu zao pwani wanataka kuweka hela kule. Mimi nawaunga mkono, ni kazi nzuri. Ninachopinga ni hawa wanaopita kwenye vikundi vya wafugaji na poda za antibayotiki, wanasema weka kidogo kidogo kila wiki bwawa lako haliugui. Na watu wananunua jamani! Bwawa halina ugonjwa wowote, mtu anamwaga dawa eti ajikinge.

Mimi nafuga sato ila shemeji yangu yuko kwenye mabwawa ya kambamiti huko pwani na haya mambo tunayaongea kila tukipigiana simu, kwa hiyo niseme ninachokijua. Kuku ukimchanja kideri mwili wake unakumbuka, ugonjwa ukija anao ulinzi. Kambamiti hayuko hivyo, mwili wake hautengenezi ile kinga ya kukumbuka, ndo maana chanjo za namna ya kuku kwake hazifanyi kazi. Ule ugonjwa wa madoa meupe uliotokea Asia ya mashariki miaka ya mwanzo ya 1990 na kumaliza mabwawa nchi moja baada ya nyingine ni wa virusi, na virusi antibayotiki haiwagusi kabisa, hata umwage gunia zima. Halafu kuanzia 2009 ukaja mwingine, China, baadaye Vietnam na Thailand, vifaranga wanakufa ndani ya mwezi wa kwanza tu tangu wawekwe bwawani na hakuna aliyejua kwa nini, mpaka 2013 timu ya Donald Lightner wa Chuo Kikuu cha Arizona walipogundua ni bakteria wa jamii ya vibrio mwenye sumu inayoharibu ini la kambamiti. Hapo mtu atasema basi si bakteria, dawa itamuua. Lakini vibrio anaishi kwenye maji yenyewe na kwenye tope, ukipiga dawa unaua na wale bakteria wazuri waliokuwa wanashindana naye chakula na nafasi, wanaobaki ni wale sugu, nao wanarudi kwa kasi wakiwa peke yao.

Na soko je? Mwaka 2001 na 2002 Ulaya walikuta mabaki ya kloramfenikoli, nayo ni antibayotiki, kwenye kambamiti wa Asia, wakabana milango, wafugaji wakabaki na mzigo. Sisi wenyewe tunakumbuka 1999 Ulaya walivyozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya habari za uvuvi wa sumu. Soko likishakuogopa kulirudisha ni kazi.

Sasa wale wenzetu wa Asia baada ya kupigwa sana walirudi kwenye vitu vya kawaida, na hapa ndo nataka wafugaji wa huku wasikilize. Kambamiti anaishi chini, anakula chini, anajichimbia kwenye tope, kwa hiyo tope likiwa jeusi linanuka yai viza yeye ndo wa kwanza kuumia. Hilo tope jeusi linatoka wapi? Kwenye chakula ulichomwaga kikabaki. Ile protini unayonunua kwa bei kubwa, kama robo tu ya nitrojeni yake ndo unaivuna kwenye kambamiti, nyingine yote inabaki bwawani inageuka amonia na uchafu unaokula oksijeni. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya bwawa ni mkono unaolisha. Wenzetu wanashusha trei zenye chakula kidogo, baada ya saa moja au mbili wanainua kuangalia, kikibaki wanapunguza mlo unaofuata. Hiyo haihitaji mtaalamu wala hela, inahitaji tu mtu asiwe mvivu.

Baada ya kuvuna wanakausha bwawa mpaka chini linapasuka nyufa, jua linafanya kazi yake, wanakwangua lile tope jeusi wanalipeleka mbali na maji, ndo wanaweka chokaa. Na kwenye chokaa niwaambie watu wa huku, siyo ya kila mahali. Kule juu kwenye kahawa udongo una tindikali, chokaa inasaidia. Huku chini tambarare ardhi ni ya magadi, pH yake (kile kipimo cha tindikali na magadi) tayari iko juu, sasa unaongeza chokaa ya nini? Pima kwanza.

Kuna hii ya molasi pia, ule uji mzito mweusi unaobaki sukari ikitengenezwa, ambayo sisi tuko karibu nayo kuliko wengi maana kiwanda cha sukari kiko hapo Arusha Chini. Ukiweka kitu chenye sukari kwenye maji yenye amonia, bakteria wazuri wanaila ile sukari pamoja na amonia, wanakua wanashikana kuwa vibonge vidogo, na kambamiti anavila, hata sato anavila. Kipimo kinachotumika sana ni kama gramu 20 za sukari au wanga kwa kila gramu moja ya nitrojeni ya amonia. Ila tafadhali msikimbilie, hao bakteria wanavuta oksijeni nyingi sana, bila mashine ya kupuliza hewa usiku na mchana unaua bwawa zima, na umeme ukikatika usiku alfajiri unakuta wameelea wote. Asiye na jenereta aachane nayo, afuge wachache kwenye nafasi kubwa, hiyo nayo ni njia ya asili na ndo ya zamani kuliko zote. Kule Ca Mau, Vietnam, kuna wanaofuga kambamiti katikati ya mikoko, nusu ya shamba au zaidi ni miti, hawalishi kabisa, wanavuna kidogo lakini gharama karibu hakuna.

Kilichonifurahisha zaidi ni Ufilipino. Walipovamiwa na vibrio wale wanaong'aa gizani, wakaanza kufuga sato kwenye bwawa la akiba, kisha yale maji ya kijani ya sato wakayapeleka kwa kambamiti, na vibrio wakapungua. Maji ya sato yana mwani na bakteria ambao vibrio hawezi kutamba mbele yao. Yaani huyu sato wetu tunayemwona wa kawaida ndo mlinzi wa mwenzake!

Kwa huku Moshi bwawa la akiba lina faida nyingine, maana maji yetu mengi yanakuja na mifongo, yaani mifereji ya asili kutoka mlimani, yanapita kwenye kahawa na nyanya za watu, wanapuliza mrututu na dawa za wadudu. Kambamiti ni jamii moja na wadudu, dawa kidogo sana ambayo sato anaivumilia yeye inamuua. Kwa hiyo ukae na walio juu yako kwenye mfongo mpatane, wakipuliza wakwambie usifungulie maji siku hizo, utumie yale ya akiba. Hakuna poda itakayokusaidia kwa hilo.

Na neno asili nalo lisitudanganye. Utupa ni wa asili, umeota kwenye vihamba vyetu, na kila mzee anajua unaua samaki. Mwarobaini ukizidisha nao unaua. Mashudu ya mbegu za chai yanaua samaki kwenye bwawa yakimwacha kambamiti hai, wenzetu wanayatumia makusudi kusafisha bwawa, lakini ukiyaweka penye sato umewamaliza.

Ombi langu kwa maafisa uvuvi wa halmashauri zetu, vikundi vipewe vipimo vya oksijeni, amonia na pH hata kimoja kwa kijiji watu wapokezane, na wanaouza dawa za mabwawa waulizwe wana kibali gani na nani ameagiza hiyo dawa baada ya kupima ugonjwa gani. Na kama kuna mfugaji wa Arusha au hapa Moshi ameshachimba bwawa la akiba na kuweka sato ndani aandike hapa hapa gazetini atuambie ukubwa wake na maji anayapumzisha siku ngapi, tunataka kuja kuona.

Mfugaji wa samaki,
Kahe, Moshi