Gemu liko sebuleni, bando la nini?

Leicester, Uingereza

Mdogo wangu Hamisi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, mimi huku sijambo, baridi tu ndiyo imeanza kubana. Hofu ni kwenu hapo Tanga. Mfikishie Mama shikamoo yangu, na Bibi pia.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mnajichanga mnunue bando kubwa ili Euro Truck Simulator 2 liingie kwenye kompyuta mpya ya Mwanaisha. Msinunue. Gemu lote limo kwenye kompyuta ya sebuleni, na kutoka sebuleni hadi chumbani kwake ni hatua chache. Waya mmoja wa mtandao (Ethernet) unatosha kulihamisha.

Basi anza na waya wenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanapopoteza muda. Tafuta ulioandikwa Cat5e au Cat6. Maandishi yamechapwa kwenye ganda lake. Kabla hujalipa, inua kichwa chake kwenye mwanga. Plastiki yake inaona ndani, na utaona nyaya nyembamba zimejipanga chini ya meno ya rangi ya dhahabu. Zihesabu, ziwe nane, kwenye vichwa vyote viwili, na kwa mpangilio mmoja: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kuna mafundi wanaobana nne tu, za chungwa na za kijani, kwa kuwa kamera za ulinzi zinatosheka nazo. Waya wa namna hiyo utawasha taa na data itapita, ila kwa Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde), kwa sababu kasi ya Mbps 1,000 inahitaji jozi zote nne. Folda ya GB 30 kwenye Mbps 100 inachukua kama dakika 45. Kwenye Mbps 1,000, diski zikiwa SSD, zile za kasi, ni dakika tano hivi.

Chomeka moja kwa moja, kompyuta kwa kompyuta, bila kupitia ruta ya laini ya simu. Ruta nyingi za bei nafuu matundu yake yanaishia hiyohiyo Mbps 100. Na Wi-Fi iache: kompyuta zote mbili zikiwa hewani, kila faili linasafiri mara mbili, kwenda kwenye ruta na kutoka, hivyo kasi inapungua kwa nusu au zaidi.

Mkishaunganisha, zipeni anwani kwa mkono. Ya sebuleni weka 192.168.50.1, ya Mwanaisha 192.168.50.2, na zote mbili 255.255.255.0 kwenye "Subnet mask". Sehemu ya "gateway", yaani njia ya kutokea kwenda intaneti, iache tupu. Ukiijaza, Windows inaweza kutafuta intaneti kupitia waya huo ambao hauendi popote, na mtadhani mtandao umekatika. Kwa kuwa haina gateway, Windows itauona waya huo kama mtandao usiojulikana na kuufunga kama wa mahali pa umma. Kwenye kompyuta ya sebuleni fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, kwa haki za msimamizi, uandike hivi ili uhesabike wa nyumbani:

Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Ethernet" -NetworkCategory Private

Kama kadi yenu ina jina jingine, mfano "Ethernet 2", andika hilo.

Sasa, Steam yenyewe, ile programu ya kununulia na kuendeshea gemu, inajua kuhamisha gemu kati ya kompyuta za nyumba moja. Ilianza mwaka 2023, na iko kwenye "Settings", kisha "Downloads", palipoandikwa "Game File Transfer over Local Network". Ni kitu kizuri sana kwa mwenye intaneti isiyo na kikomo. Kwa nyinyi wa bando nina wasiwasi nacho. Kompyuta inayotoa isipopatikana, labda kwa kuwa mtu anacheza au toleo lake la gemu limepitwa, Steam haisimami kuuliza, inaendelea kuchota kutoka intaneti. Mkitaka kuijaribu, fungueni Task Manager upande wa "Performance" na mwangalie dakika ya kwanza. Mchoro wa Ethernet ukipanda, sawa. Wa Wi-Fi ukipanda, simamisha hapohapo, bando linaliwa.

Mimi nawashauri mnakili wenyewe. Kwanza hakikisha gemu la sebuleni limesasishwa, kisha funga Steam kabisa kwenye kompyuta zote mbili, siyo kufunga dirisha tu. Nenda kwenye folda ya Steam, ndani yake steamapps, na uishiriki folda ya common kwa jina hilohilo. Hapa kuna mtego: Windows haimruhusu mtumiaji asiye na nywila kuingia kupitia mtandao. Kompyuta ya sebuleni najua haina nywila, basi iwekee, hata ya siku moja. Na ikikuuliza, inataka nywila, siyo PIN ya kufungulia skrini.

Kwenye kompyuta ya Mwanaisha fungua kwanza \\192.168.50.1 kwa kuandika juu ya dirisha la folda, uingie kwa jina na nywila hiyo. Kisha fungua Command Prompt:

robocopy "\\192.168.50.1\common\Euro Truck Simulator 2" "D:\SteamLibrary\steamapps\common\Euro Truck Simulator 2" /E /R:2 /W:5

D:\SteamLibrary badilisha kulingana na mahali maktaba ya Steam ilipo kwake. Nimechagua robocopy, amri ya Windows ya kunakili, badala ya kuburuta kwa kipanya kwa sababu ya umeme wenu. Ukikatika katikati, rudia amri ileile. Yaliyokwisha kufika inayaruka, inaendelea na yaliyobaki. Zima pia mpangilio wa kompyuta kulala, maana ya sebuleni ikilala, kazi inasimama.

Jina la folda lisibadilike hata herufi. Likibadilika, Steam itaunda folda mpya kando na kuanza kupakua moja kwa moja. Faili la appmanifest_227300.acf usilinakili, liache Steam ilitengeneze yenyewe. Fungua Steam, bonyeza kusakinisha, chagua diski ileile. Itayakagua mafaili yaliyopo, kazi ya dakika kadhaa ambayo asilimia zake zinasogea bila data kuingia, kisha itachota kile tu kinachopungua. Ukiona inataka kuchota GB zote, simamisha: folda iko mahali pasipo pake.

Safari zenu na magari mliyonunua hayamo kwenye folda hiyo. Yako Documents, kwenye folda ya Euro Truck Simulator 2, ndani ya profiles. Na zile mod za mabasi, yaani nyongeza za gemu, ziko kwenye folda ya mod palepale. Nakili zote mbili. Kama uliwasha hifadhi ya mtandaoni ya Steam, safari zako zitafuata akaunti yako wewe, siyo ya Mwanaisha.

Na hilo la akaunti mlielewe vizuri, msije mkagombana. Kunakili mafaili hakumpi Mwanaisha haki ya kucheza. Ama awe na nakala yake, ama umwingize kwenye familia yako ya Steam, inayobeba watu hadi 6. Kwa nakala moja mtacheza kwa zamu.

Flashi iwe akiba tu, waya ukikosekana. Kama imeumbizwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Iumbize upya iwe exFAT, na kumbuka kuumbiza kunafuta kila kilichomo. Angalieni picha za harusi ya Dada zisiwe humo.

Nisalimie wote wa nyumbani na majirani.

Kaka yako,
Rashidi