Vijiti: kuwekewa dakika chache, kutolewa safari tatu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu vijiti vya uzazi wa mpango, vile vidogo vyenye homoni vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono. Kila tunapoelimishwa tunaambiwa jambo moja: ukiwekewa mkononi, umepumzika miaka mitatu au mitano. Ni kweli. Katika wanawake 100 wanaovitumia kwa mwaka, ni nadra hata mmoja kushika mimba. Kwa vidonge, namna tunavyovisahau, hufika 7 hivi. Tena havina estrojeni, homoni inayoweza kupunguza maziwa, hivyo hata anayenyonyesha anaweza kuvitumia.

Mimi niliwekewa viwili, vya miaka mitano. Mwezi wa nane nikawa natokwa na matone ya damu yasiyojua tarehe. Nikarudi kuomba vitolewe. Mhudumu akasema, "Bado vina muda, mama, vumilia, mwili utazoea." Ushauri wenyewe haukuwa mbaya, maana kuvurugika kwa hedhi ni jambo la kawaida kwa vijiti na wengine hutulia. Nikavumilia. Nilipokwenda mara ya pili nikaulizwa mume wangu anasemaje. (Siku ya kuwekewa hakuna aliyemuulizia!) Mara ya tatu ndipo nilipotolewa.

Watu wanashangaa uvumi unatoka wapi, kwamba vijiti hupotelea mwilini au huua kizazi. Mwanamke aliyezungushwa hivyo akisimulia kwa majirani, atasimulia nini? Ukweli ni kwamba vikishatoka, homoni huisha mwilini ndani ya siku chache, na mtu anaweza kushika mimba hata mwezi huohuo.

Nakubali kutoa ni kazi kuliko kuweka. Kuweka ni ganzi, sindano maalumu, basi. Kutoa kunataka ganzi, mkato mdogo na mkono uliozoea, na kijiti kilichozamishwa mno hutafutwa kwa shida. Ndiyo maana kinatakiwa kikae chini tu ya ngozi, ukipapasa ukisikie. Hili si geni. Norplant, aina ya zamani ya vijiti iliyoidhinishwa kwanza Finland mwaka 1983, ilikuwa na vijiti sita, na ugumu wa kuvitoa ulichangia kesi nyingi Marekani, hadi ikaacha kusambazwa huko mwaka 2002. Vya sasa ni viwili au kimoja.

Kwa hiyo naomba wanaofundisha wahudumu kuweka wasiwape vifaa kabla hawajajua kutoa. Na mteja, pamoja na kuelezwa kwamba vijiti havikingi Ukimwi na kuulizwa kama anatumia dawa za kifua kikuu au kifafa, kwa kuwa baadhi hupunguza nguvu ya vijiti, aambiwe siku hiyohiyo: ukitaka vitoke kesho, njoo kesho, hutaulizwa mume. Kadi aliyopewa iandikwe ni wapi atatolewa. Yangu iliandikwa tarehe ya mwisho tu, miaka mitano mbele.

Msomaji wako,
Mama wa watoto watatu