Kusafisha filamu pwani: tupoze maji kwanza

Mhariri,

Vijana wa pwani wanaorudia kamera za filamu na kutaka kusafisha picha wenyewe nyumbani huhangaika sana na giza. Giza ni jepesi. Ngoja usiku, ingia bafuni, ziba dirisha kwa kaniki iliyokunjwa mara tatu na usukumie taulo chini ya mlango. Kaa humo dakika 10. Ukianza kuiona karatasi nyeupe uliyoishika, tafuta upenyo.

Kinachoharibu kazi ni joto la maji. Muda wa kuiacha filamu kwenye dawa, unaoandikwa kwenye pakiti za filamu, kwa kawaida ni wa nyuzijoto 20, na maji ya bomba huku kwetu mara nyingi hukaribia 30. Dawa yenye joto hufanya kazi upesi mno. Muda ukishuka chini ya dakika 5, filamu hutoka na mabaka, kwa kuwa sehemu iliyolowa kwanza imeshatangulia. Tena jelatini inayobeba picha huvimba na kulainika, hata ukucha huikwangua.

Kosa la kwanza ni kutumia D-76, dawa ya kwanza inayotoa picha kwenye filamu, bila kuizimua. Kwa HP5 Plus, filamu ya nyeusi na nyeupe, iliyopigwa kwa kasi yake ya kawaida ya ISO 400, dawa nzito huhitaji dakika 7 na nusu kwenye nyuzi 20. Kwenye 24 zinabaki 5 hivi, ukingoni kabisa. Izimue kwa maji kiasi sawa na muda unakuwa dakika 11 kwenye nyuzi 20, karibu 7 na nusu kwenye 24. Hapo una nafasi. Ukimaliza, imwage, haifai kurudiwa.

Kufika 24 hakuhitaji mashine. Gandisha chupa mbili za maji za nusu lita, zitose kwenye beseni la maji, kisha simamisha humo dawa zote pamoja na jagi la maji ya kuoshea. Barafu isiguse dawa yenyewe, itaizimua zaidi. Maji ya mtungi nayo husaidia, ila kwa unyevu wa hewa yetu hushuka nyuzi chache tu. Wengi hupoza dawa ya kwanza peke yake, halafu wanaosha kwa maji ya bomba. Jelatini hushtuka, na negativu hubaki na mikunjo midogo midogo kama ngozi ya kidole kilichokaa sana majini. Haiondoki tena.

Ndiyo maana nasisitiza kuosha kwa maji machache, yanayoweza kupozwa: jaza tangi, kile chombo kisichopenya mwanga chenye filamu ndani, pindua mara 5, mwaga, jaza, pindua mara 10, mwaga, jaza, pindua mara 20. Yatosha, hata siku za mgao. Kama maji ni ya kisima chenye chumvi, suuza mwisho kwa maji ya mvua yaliyochujwa, vinginevyo filamu ikikauka hubaki na madoa meupe.

Wauzaji wa dawa hizi wauze na kipimajoto, na wabandike kwenye chupa muda wa nyuzi 24, si wa 20 peke yake.

Mpiga picha,
Tanga